Damu Haikuwa Kinga: Historia ya Mafuta na Moyo kutoka Mulago hadi Kyondo

Hadi katikati ya miaka ya 1950, daktari aliweza kufanya kazi Uganda miaka na mikaka bila kukutana na Mwafrika hata mmoja aliyepatwa na mshtuko wa moyo. Malaria aliiona kila siku. Utapiamlo, homa ya mapafu, kifua kikuu na kichocho vilijaza wodi za Hospitali ya Mulago mjini Kampala. Lakini ule ugonjwa wa mishipa ya moyo kuzibwa na mafuta, ambao wakati huo ulikuwa ukiwaangusha wanaume wa makamo wa Marekani na Uingereza kwa wingi, haukuonekana. Mwaka 1956 Hugh Trowell, aliyekuwa ametibu na kufundisha Mulago na Makerere kwa miaka mingi, aliandika pamoja na mwenzake katika jarida la East African Medical Journal habari za Mwafrika mwenye ugonjwa huo. Alikuwa mgonjwa mmoja tu, na huyo mmoja alitosha kuandikiwa makala.

Madaktari wakaanza kuulizana kinga hiyo imetoka wapi. Wapo walioamini kwamba Mwafrika amezaliwa nayo, imo katika damu yake. Wapo waliosema imo katika chungu chake na jembe lake. Mjadala ule ulidumu zaidi ya nusu karne, ukapita katika maabara za Oslo, Dallas, Brussels na Entebbe, na jibu lake linawahusu sana watu wa miteremko ya Rwenzori, kama wale wa Kyondo wilayani Kasese, ambao maisha yao yanabadilika sasa.

Mkasi na vitabu vya Mulago

J. N. P. Davies, mwanapatholojia wa Makerere, alikuwa na hazina ambayo hospitali chache za Afrika zilikuwa nayo: kumbukumbu zilizotunzwa vizuri za maiti zilizochunguzwa Mulago. Uchunguzi wenyewe unataka mkono wa subira. Mishipa inayolisha moyo ina upana wa milimita chache tu. Hufunguliwa kwa mkasi mdogo, kuanzia inapotoka kwenye mshipa mkuu hadi nchani. Mshipa ukiwa mzima, ukuta wake wa ndani ni laini na umekwajuka kidogo tu. Ukiwa umeanza kuugua, una michirizi ya manjano. Ukiwa umeugua siku nyingi, una vinundu vigumu, na mkasi hukwaruza kwa sababu chokaa imeshaganda humo. Mtu aliyewahi kupatwa na mshtuko akapona, nyama ya moyo wake huwa na kovu jeupe.

Davies na wenzake wa mji wa St. Louis, Marekani, waliwachukua watu 632 waliofariki Uganda wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, wakawalinganisha kwa umri na jinsia na wengine 632 waliofariki St. Louis. Hesabu ilichapishwa mwaka 1960. Kwa upande wa St. Louis, mioyo 136 ilikuwa na alama za mshtuko. Kwa upande wa Uganda, ulikuwa moyo mmoja.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Gerald Shaper na K. W. Jones, nao wa Makerere, walikuwa wamechapisha katika jarida la Lancet vipimo vya kolesteroli, aina ya mafuta ya damu, ya Waafrika na Wahindi wa Uganda. Waafrika walikuwa na kolesteroli ya chini na mshtuko wa moyo kwao ulikuwa nadra mno. Wahindi walikuwa na kolesteroli ya juu, na ugonjwa wa moyo ulikuwa umeshakuwa tatizo kubwa kwao. Waliishi katika mji mmoja, wakanyeshewa mvua moja, lakini mmoja alikula matoke, viazi vitamu na maharage, mwingine alipikia samli. Walitofautiana asili na walitofautiana sufuria, kwa hiyo kila upande wa ubishi ulipata cha kushika.

Hesabu hizo zilikuwa na pengo. Maiti za Mulago zilikuwa za watu waliofika Mulago. Mkulima wa Kyondo aliyeanguka shambani miaka ile alizikwa na ndugu zake, na hakuna mkasi uliofungua mishipa yake. Kasese yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inachipuka: reli ilifika huko mwaka 1956, mwaka uleule mgodi wa shaba wa Kilembe ulipoanza kuzalisha. Vijana wa milimani walioteremka kutafuta mshahara walianza maisha ambayo wazazi wao hawakuyajua, na hakuna aliyewapima kabla na baada.

Vijana wa Kisamburu waingia jeshini

Mahali pengine watu walipimwa. Shaper alikwenda kaskazini mwa Kenya kwa Wasamburu, wafugaji ambao chakula chao kikubwa kilikuwa maziwa. Kwa hesabu za Ulaya, watu wanaokula mafuta ya wanyama kiasi kile wangepaswa kuwa wagonjwa. Hawakuwa. George Mann wa Marekani aliwapima Wamaasai wa Tanganyika akakuta mambo hayohayo: maziwa na nyama kwa wingi, kolesteroli chini. Baadaye, mwaka 1972, Mann alichapisha uchunguzi wa mishipa ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Mafuta yalikuwamo katika kuta za mishipa, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka na damu ilipata njia. Kinga kamili haikuwapo. Mwili ulikuwa unapambana, na mwendo wa kila siku nyuma ya ng'ombe huenda ulichangia.

Ushahidi ulionyooka zaidi ulitoka kwa morani wa Kisamburu waliojiunga na jeshi la Kenya. Shaper na wenzake walichapisha habari zao mwaka 1969. Damu yao ilikuwa ileile waliyorithi kwa wazee wao. Kilichobadilika kilikuwa mlo wa kambini, chumvi na ratiba ya siku. Shinikizo lao la damu likapanda. Miaka ishirini baadaye, utafiti wa Wajaluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini magharibi mwa Kenya ulionyesha jambo hilohilo, na ulionyesha kwamba presha huanza kupanda mapema sana baada ya kuhama.

Wahindi wa Uganda nao walihamishwa, tena kwa nguvu. Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972, maelfu kwa maelfu walikwenda Uingereza. Watafiti wa London walikuta kwamba watu wenye asili ya Asia Kusini waliendelea kuugua moyo kuliko majirani zao Waingereza. Lakini huko India kwenyewe ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi mijini kuliko vijijini. Kuna kitu kinachorithiwa, na kitu hicho huwa kikali zaidi maisha yakibadilika.

Mzigo na alama yake

Ili kujua ni kitu gani, ilibidi kwanza kufahamu jinsi mafuta yanavyosafiri. Damu kwa sehemu kubwa ni maji, na mafuta hayachanganyiki na maji. Kwa hiyo utumbo na ini huyafunga mafuta katika chembe ndogo sana zilizozungukwa na protini. Chembe hizo huitwa lipoprotini, na protini zinazozizunguka huitwa apolipoprotini. Mkulima wa kahawa Kyondo anaielewa kazi hii vizuri: gunia linaloteremshwa kwenda Kasese lazima liwe na alama, la sivyo ghala halilipokei. Apolipoprotini ndiyo alama, na ini ndilo ghala. Alama ikiwa na hitilafu, au mlango wa ini ukiwa mbovu, mzigo hubaki ukizunguka, na mwisho wake mafuta hujipenyeza katika kuta za mishipa.

Mlango huo uligunduliwa Dallas na Michael Brown na Joseph Goldstein, waliokuwa wakiwatafiti watoto waliozaliwa na kolesteroli ya juu mno, watoto wanaoweza kupatwa na mshtuko wa moyo kabla ya kubalehe. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Maagizo ya kutengeneza mlango na alama yote yamo katika jeni, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Jeni za Waafrika zilipoanza kusomwa, ilitarajiwa kwamba kinga ya Mulago ingeonekana humo.

Jambo lisilotarajiwa

Mwaka 1963 Kåre Berg wa Oslo, Norwei, aliwachanja sungura kwa lipoprotini za binadamu, kisha akaichukua damu ya sungura hao na kuijaribu juu ya damu ya watu mbalimbali. Kwa baadhi ya watu mstari mweupe ulitokea, kwa wengine haukutokea. Berg alikuwa amegundua chembe mpya, lipoprotini (a), ambayo kiasi chake kwa mtu huamuliwa karibu kabisa na jeni aliyorithi. Baadaye ilithibitishwa kwamba mwenye kiasi kikubwa yumo katika hatari zaidi ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Watafiti walipowapima watu wa mabara mbalimbali, Waafrika ndio waliokuwa na kiasi kikubwa zaidi, mara mbili hadi tatu ya Wazungu. Watu ambao mioyo yao ilikuwa imewashangaza madaktari kwa uzima ndio waliokuwa wamebeba kwa wingi chembe inayoharibu mioyo.

Tanzania ikaongeza fundo jingine. Katika miaka ya 1990 Paolo Pauletto na wenzake kutoka Italia waliwalinganisha Wabantu wa nyanda za juu za Lugalawa, wilayani Ludewa, waliokula zaidi mimea, na wenzao wa mwambao wa Ziwa Nyasa, waliokula samaki karibu kila siku. Wavuvi walikuwa na lipoprotini (a) kidogo kuliko watu wa nyanda za juu, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba tofauti hiyo haikutokana na ukubwa wa protini waliyorithi. Samaki walikuwa wamegusa kitu ambacho vitabu vilisema kimeshaamuliwa tumboni mwa mama.

Protini nyingine, apolipoprotini E, ilisema vivyo hivyo. Ina aina tatu kuu, na mojawapo, yaani E4, huelekea kupandisha kolesteroli. Katika baadhi ya jamii za misituni za Afrika ya Kati, E4 hufikia takriban asilimia 40 ya nakala zote za jeni hiyo, kiwango cha juu kuliko karibu kila mahali duniani. Lakini mwaka 1962 Mann na wenzake walipochapisha vipimo vya watu wa misituni nchini Kongo, kolesteroli yao ilikuwa ya chini sana. Jeni ya kupandisha mafuta ilikuwapo katika ukanda huo. Mafuta ya kupandishwa ndiyo yaliyokosekana.

Kulikuwa pia na zawadi ya kweli katika damu ya Afrika, ila ni ya wachache. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa na Kanada walitambua jeni iitwayo PCSK9, ambayo protini yake huharibu ile milango ya ini. Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakajiuliza: je, kuna watu ambao jeni hii imezimika? Waliwapata mwaka 2005 miongoni mwa Wamarekani weusi, takriban mmoja katika kila watu 50. Mwaka 2006 walionyesha kwamba watu hao walikuwa na kolesteroli mbaya, ile inayoziba mishipa, pungufu kwa asilimia 28, na hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa imepungua kwa asilimia 88. Mwaka 2007 mabadiliko hayo yalipatikana Zimbabwe pia, na mmoja wa wanawake waliopimwa alikuwa ameyarithi kwa wazazi wote wawili. Kolesteroli yake mbaya ilikuwa karibu na sifuri, naye alikuwa mzima. Kutokana na ugunduzi huo dawa mpya za sindano ziliingia sokoni mwaka 2015, kwa bei iliyozidi dola 14,000 kwa mwaka huko Marekani. Lakini watu wawili au watatu katika mia hawawezi kueleza mioyo 631 iliyokuwa mizima Mulago.

Malale na protini ya mafuta

Hadithi moja katika ukoo huu wa protini inaanzia karibu zaidi na Kasese. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu wasiopungua laki mbili Uganda, wengi wao Busoga na kandokando ya Ziwa Victoria. Ugonjwa ulifika pia Ziwa Edward na Ziwa George, chini ya Rwenzori, milima ya Wakonzo. Serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka mwambao, na sehemu ya ardhi iliyobaki tupu ndiyo iliyokuja kuwa hifadhi, leo Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth.

Tangu mwaka 1902 ilijulikana kwamba maji ya damu ya binadamu huua vimelea vingi vya jamii ya malale, hasa vile vinavyomuua ng'ombe. Ukiviangalia chini ya hadubini, huvimba, hupunguza mwendo, kisha hupasuka. Ilichukua karne nzima kumtambua muuaji: mwaka 2003 kundi la Etienne Pays huko Brussels lilionyesha kwamba ni apolipoprotini L1, protini inayosafiri ndani ya chembe zilezile zinazobeba kolesteroli tunayoiita nzuri. Mfumo wa kubeba mafuta ulikuwa pia silaha.

Vimelea viwili, kile cha magharibi mwa Afrika na kile cha mashariki, vilijifunza kuikwepa silaha hiyo, na Uganda ndiyo nchi pekee iliyo na vyote viwili. Mwili nao ukajibu: aina mbili mpya za jeni hiyo, G1 na G2, zikaenea Afrika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambao Makerere ilishiriki, uliwakuta Waganda wenye G2 wakiwa na kinga kubwa dhidi ya malale ya mashariki. Bei ya kinga hiyo ilikuwa imeshajulikana tangu 2010: anayerithi aina hizi kutoka pande zote mbili yumo katika hatari kubwa zaidi ya figo kuharibika, na figo zikiharibika presha hupanda na moyo huchoka. Aliyeokoka na malale ya mbung'o mwambaoni huenda amemwachia mjukuu wake deni la figo.

Vipimo vya kwingine havitoshi

Mwaka 1989 watafiti walianza kufuatilia vijiji vya Kyamulibwa, kusini mwa Uganda, kwa sababu ya UKIMWI. Miaka thelathini baadaye damu ya watu haohao ilizaa hazina kubwa ya jeni: mwaka 2019 jarida la Cell lilichapisha taarifa za watu 6,400, wakiwemo 1,978 ambao jeni zao zote zilisomwa mwanzo hadi mwisho. Segun Fatumo na wenzake wa Entebbe walizitumia, na mwaka 2022 wakaonyesha jambo ambalo kila daktari wa Bwera wilayani Kasese anapaswa kulijua. Kuna alama za hatari zinazokokotolewa kwa kujumlisha jeni nyingi, ili kubashiri kolesteroli ya mtu. Alama iliyoeleza zaidi ya asilimia 8 ya tofauti za kolesteroli mbaya kwa Wazulu wa Afrika Kusini ilieleza chini hata ya asilimia moja kwa Waganda. Kama Mzulu na Mganda hawawezi kushiriki kipimo kimoja, cha Mwingereza hakina haki ya kutumika Kyondo bila kujaribiwa.

Matokeo haya yote yanaelekea upande mmoja. Kinga waliyoiona madaktari wa Mulago haikuwa ya kuzaliwa nayo. Damu ya watu wa Uganda ilikuwa imebeba hatari zake wakati wote, nyingine kubwa kuliko za Wazungu, ila zilikosa mahali pa kuotea. Palipokuwa na obundu, yaani ugali wa muhogo, na sombe, majani yake, kilima cha kupanda asubuhi na jioni, na mwili usio na akiba ya mafuta, lipoprotini (a) na E4 hazikuwa na la kufanya.

Sasa zinalo. Boda boda hupanda mlima ambao babu aliupanda kwa miguu. Mawese huvushwa kutoka Kongo, mafuta ya kukaangia huuzwa kwa vipimo vidogo, na kando ya barabara ya Kasese na Bwera kijana hujipatia rolex, chapati na mayai ya kukaanga, kwa bei anayoimudu. Hakuna dhambi katika chakula hicho. Lakini hatuwezi kuendelea kusema kwamba ugonjwa wa moyo ni wa Wahindi na Wazungu.

Vipimo vya jeni havipo katika zahanati za milimani, na hata kipimo cha kawaida cha mafuta ya damu si kila kituo kinacho. Kipimo cha presha kipo, nacho hakihitaji maabara. Na kuna kipimo cha urithi kisichogharimu chochote. Wakonzo wanajua koo zao vizuri, nani ni mtoto wa nani hadi vizazi vya nyuma. Kwa hiyo muuguzi na aulize: kwenu kuna mwanamume aliyekufa ghafla kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 65? Nani alipooza upande mmoja? Nani alivimba miguu na uso kwa ajili ya figo? Vifo vya namna hiyo mara nyingi vimesemwa ni vya kulogwa, na kila kinaposemwa hivyo watoto wa marehemu hukosa onyo. Ukoo wenye vifo viwili vya ghafla unapaswa kuletwa kituoni wote, wapimwe presha na sukari, na wanaoweza wapelekwe Kasese au hospitali ya Kagando kupimwa mafuta ya damu, wangali wazima na wenye nguvu za kulima.